Majeruhi anavuja damu: damu nzima, chembe na plazma, plazma ya unga, au dripu?

Katika hospitali za mkoa wa Tabora swali hili huulizwa na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Tabibu wa zamu wa Kaliua au Sikonge huliuliza mgonjwa akiwa kitandani: bodaboda imeingia chini ya fuso, paja limevunjika, tumbo limeanza kuvimba, mapigo 140, presha haisomeki. Nianze na nini? Mganga mfawidhi huliuliza wakati wa bajeti: tuongeze jokofu la damu, tununue friza ya plazma, au fedha ziende kwenye dripu na dawa? Jibu la huyu wa pili ndilo linaloamua yule wa kwanza atakuta nini kabatini saa nane usiku, kwa hiyo nawajibu pamoja.

Kwanza, plazma imeingiaje kwenye mazungumzo haya? Kwa miaka mingi anayevuja damu alihesabiwa kupungukiwa na vitu viwili: ujazo kwenye mishipa, na chembe nyekundu za kubeba oksijeni. Ujazo akapewa kwa dripu, chembe akapewa kwa damu. Mwaka 2003 madaktari wa London walichapisha kumbukumbu za majeruhi zaidi ya 1,000, wakaonyesha kwamba karibu robo yao walifika hospitalini damu ikiwa tayari haigandi sawasawa, na dripu walizopewa njiani hazikutosha kuieleza hali hiyo. Hao walikufa kwa kiwango cha mara nne ya wenzao. Vinavyoifanya damu igande, yaani fibrinojeni na protini nyinginezo, vimo ndani ya plazma, yale majimaji ya manjano yanayobaki chembe zikiondolewa. Mgonjwa akipoa na damu yake ikaongezeka asidi, hata kile kidogo kilichobaki hulegea.

Mwaka 2007 madaktari wa jeshi la Marekani waliokuwa Iraki walitoa hesabu ya majeruhi 246 walioongezewa damu nyingi. Waliopata plazma kidogo mno, chupa moja kwa chupa nane za chembe nyekundu, walikufa asilimia 65. Waliokaribia chupa kwa chupa walikufa asilimia 19. Hesabu hiyo ilibadilisha utaratibu wa hospitali nyingi duniani, lakini isomwe kwa jicho kali: plazma ya friza huchelewa kuyeyuka, na aliyekufa mapema alikufa haijafika. Sehemu ya tofauti ile ni ya watu waliojaliwa kuishi muda wa kutosha hadi wakaipata.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipitisha kila njia kwenye maswali yaleyale matano. Inarudisha nini: ujazo, oksijeni, uwezo wa kuganda, au vyote? Inachukua muda gani tangu daktari aseme hadi iingie mshipani? Inahitaji umeme na vifaa gani? Ina hatari gani, hasa upande wa makundi ya damu na maambukizi? Na mwisho, kuna ushahidi gani kwamba inaokoa maisha, tena ushahidi huo ulipatikana kwa wagonjwa wa aina gani? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Majaribio mengi ya plazma yamefanyika kwenye helikopta na magari ya wagonjwa ya miji yenye hospitali kubwa karibu. Ya kwetu ni barabara ya Urambo.

Kuna mambo ambayo hayashindani na yoyote kati ya haya manne. Kubana kidonda, kufunga paja, kufunga nyonga kwa shuka, kumfunika mgonjwa asipoe, na kumpeleka kwa mpasuaji. Asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyokwisha ganda isiyeyuke, pia imo humu. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lenye majeruhi 20,211 kutoka nchi 40, lilionyesha vifo kushuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5 kwa gramu 1 ndani ya dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Sharti ni ianze ndani ya saa 3 tangu kuumia. Ikianza baada ya hapo iliongeza vifo vya kuvuja damu. Ni dawa ya bei nafuu, inakaa rafuni, haihitaji jokofu. Hospitali isiyokuwa nayo isianze hata kuzungumzia friza.

Dripu ya chumvi au Ringer (maji yenye chumvichumvi zinazokaribia za damu)

Inachorudisha ni ujazo peke yake, na hata huo haukai: sehemu kubwa hutoka mishipani na kuingia kwenye tishu. Haina chembe, haina protini ya kuganda. Lita mbili zikiingia haraka huzimua kile mgonjwa alichobakiza, humpoza zikitoka chumba cha baridi, na ile ya chumvi ya asilimia 0.9 huongeza asidi kwa sababu kloridi yake ni nyingi kuliko ya damu.

Upande wa muda na vifaa, hakuna inayoifikia. Ipo hadi kwenye zahanati za ndani kabisa za Uyui, haijali umeme kukatika, haina kundi, haileti virusi, na inaanza kutiririka mara tu mshipa unapopatikana.

Ushahidi? Mwaka 1994 huko Houston, majeruhi 598 wa risasi na visu vya kifuani na tumboni, wenye presha ya chini, waligawanywa: wengine dripu ilianza njiani, wengine ilisubiri hadi chumba cha upasuaji. Waliosubirishwa walipona asilimia 70, waliopewa mapema asilimia 62. Tusiubebe ushahidi huo wote kama ulivyo. Wale walikuwa vijana wa mjini waliofika kwa mpasuaji upesi, wala hawakuwa na nyonga iliyosagika au safari ya saa tatu mbele yao. Somo linalobaki ni la kiasi: mililita 250 kwa mara moja, Ringer ikiwepo, na kusimama mapigo ya kwenye kifundo cha mkono yakirudi au mgonjwa akianza kujibu. Mwenye jeraha la kichwa hahusiki na ubahili huu. Ubongo wake unahitaji presha iwe juu zaidi.

Inamfaa aliye mahali pasipo na kingine, na inamfaa kama daraja la dakika chache wakati maabara inaandaa damu. Kwa mgonjwa anayevuja kweli, ikifika lita ya tatu ujue kuna mtu hajapiga simu aliyopaswa kupiga.

Damu nzima

Hii ndiyo hospitali nyingi za wilaya huku zinafanya nayo kazi, na kuna watu wanaiona kama njia ya kizamani ya wasio na uwezo. Mimi sioni hivyo. Chupa moja ya mililita 450 ina chembe nyekundu, ina plazma isiyopungua mililita 200, na ina chembe sahani, zile ndogo zinazoanza kuziba tundu la mshipa, ingawa baridi huzidhoofisha. Ukimwekea mgonjwa damu nzima umeshampa plazma, kwa uwiano aliotoka nao mchangiaji. Hesabu iko hivi: ukiitenganisha damu kisha ukairudisha chembe moja kwa plazma moja kwa chembe sahani moja, unapata mchanganyiko wa mililita 660 hivi wenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 29, chembe sahani 88,000, na uwezo wa kuganda wa asilimia 65, kwa sababu ya maji ya kuhifadhia yaliyoongezwa kila hatua. Damu nzima mbichi haina upungufu huo.

Muda wake ni wa maabara tu. Hakuna kuyeyusha. Kundi la mgonjwa linajulikana ndani ya dakika chache, na kwa aliye hatarini anaweza kuanza na damu ya kundi lake wakati vipimo kamili vya kupatana vikiendelea.

Umeme unaohitajika ni wa jokofu la nyuzi 2 hadi 6, na kwa mifuko yenye maji ya kuhifadhia aina ya CPDA-1 damu hukaa siku 35. Lakini kwa majeruhi umri wa chupa una maana. Ndani ya wiki mbili chembe sahani zinakuwa zimechoka sana na baadhi ya protini za kuganda zimeshuka. Kanuni ya ghala ni ya zamani itoke kwanza, na ni kanuni nzuri kwa mgonjwa wa upungufu wa damu. Kwa anayevuja, geuza: chupa mbili au tatu ambazo hazijafika siku 14 ziwekwe rafu yake, zikikaribia kuzeeka zihamishiwe kwa matumizi ya kawaida na nyingine zichukue nafasi. Haigharimu chochote ila nidhamu ya mtu wa maabara na karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Hatari kubwa ya damu nzima iko kwenye kundi. Usemi wa "O ni ya kila mtu" ni wa chembe nyekundu. Damu nzima ya O ina plazma ya O, na plazma hiyo imebeba kingamwili zinazoweza kuvunja chembe za mgonjwa wa A au B. Majeshi hutumia O kwa wote baada ya kupima na kuchagua wachangiaji wenye kingamwili chache. Hospitali isiyopima hilo isiige. Ipime kundi la mgonjwa, impe linalofanana. Rekodi ya makundi kutoka kitambulisho au maneno ya ndugu haitoshi.

Kuhusu maambukizi, Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Malaria ni suala jingine, na sisi wa kanda ya magharibi tunaishi nayo: homa inayokuja siku kadhaa baada ya kuongezewa damu ipimwe malaria, isiishie kwenye dhana ya kidonda. Damu ya moto, ile inayotolewa kwa ndugu usiku uleule, ina kila kitu kikiwa hai na kwa kuganda ndiyo bora kabisa. Tatizo ni kwamba ndugu aliyeshikwa mkono mlangoni mwa wodi anaona aibu kusema ukweli kuhusu maisha yake, na vipimo vya haraka havikamati kila maambukizi mapya. Njia ya katikati ipo: orodha ya watu wanaochangia mara kwa mara, waliokwisha pimwa, walio karibu. Walimu, askari, watumishi wenyewe. Simu moja usiku inawaleta.

Ushahidi wake wa kuokoa maisha kwa kiasi kikubwa umetoka kwenye kumbukumbu za majeshi na za hospitali, si kwenye majaribio makubwa ya kupanga wagonjwa kwa bahati nasibu. Anayetaka uhakika wa namna hiyo atauona mwembamba.

Na kuna gharama isiyoonekana kwenye ankara. Chupa nzima huenda kwa mtu mmoja. Mtoto wa Igunga aliyeishiwa damu kwa malaria anahitaji chembe. Plazma anayopewa humo haimsaidii kitu, na mtoto mdogo inaweza kumzidishia ujazo. Msimu wa mvua wodi ya watoto hunywa damu nyingi, na wakati wa likizo shule zikifungwa wachangiaji wakubwa, wanafunzi, wako nyumbani. Hapo ndipo mtu anaanza kutamani kuitenganisha.

Chembe nyekundu pamoja na plazma ya friza

Mchango mmoja unagawanywa kwa mashine inayozungusha damu kwenye baridi: chembe kwa mmoja, plazma kwa mwingine. Plazma ikiingizwa kwenye friza ndani ya saa 8 tangu mchango, ikakaa chini ya nyuzi -18, hudumu mwaka mzima. Faida hii ya kuhifadhi ni kubwa kwa eneo ambalo wachangiaji hupungua kwa msimu. Kazi hii ni ya kituo cha kanda. Kituo cha kanda ya magharibi kiko Tabora mjini. Damu iliyochangiwa asubuhi mjini inawahi. Iliyokusanywa kijijini upande wa mwisho wa Sikonge, gari likaharibika, haiwahi.

Inarudisha nini? Ukizitoa zote mbili kwa uwiano wa karibu moja kwa moja, unarudisha oksijeni na kuganda. Mtu mzima wa kilo 60 kwa kipimo cha mililita 10 hadi 15 kwa kilo anahitaji mifuko mitatu au minne ya plazma. Chembe sahani hazimo. Hizo zinahifadhiwa kivyake kwa nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa muda wote na hudumu siku 5 tu, kwa hiyo kwa mikoa mingi tuzisahau.

Muda ndio udhaifu wake. Mfuko huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 20 hadi 30. Maji ya chupa ya chai yanaziunguza protini, na juani haikubaliki. Hospitali kubwa huweka mifuko iliyokwisha yeyushwa tayari kwenye jokofu, ambako inaweza kukaa hadi siku 5 ikiandikwa hivyo. Palipo na majeruhi mmoja kwa wiki, mifuko hiyo itamwagwa.

Umeme unahitajika zaidi, na hitilafu yake haionekani kwa macho. Plazma iliyoyeyuka Jumamosi usiku ikaganda tena Jumapili inafanana na nzima. Mafundi wa maabara wana hila yao: mfuko hufungwa mpira wakati wa kuugandisha, kisha mpira huondolewa, unabaki mkunjo. Mkunjo ukipotea, mfuko ule uliyeyuka, tupa.

Makundi hapa yanageuka. Plazma ya AB ndiyo ya kila mtu, ya O ni ya O tu. AB ni wachache sana kati yetu na O ni karibu nusu, kwa hiyo friza ya kanda itajaa plazma isiyoweza kutolewa ovyo. Mwuguzi aliyezoea kanuni ya chembe anaweza kuua kwa nia njema. Jedwali la plazma libandikwe peke yake, rangi tofauti. Kuna pia hatari za mapafu: kujaa maji kwa ujazo kuzidi, na jeraha la ghafla la mapafu linalotokana na kingamwili za mchangiaji, zaidi wanawake waliowahi kubeba mimba. Uingereza ilianza kutumia zaidi plazma ya wanaume mwaka 2003 kwa sababu hiyo.

Kwa ushahidi, hakuna njia iliyochunguzwa kama hii, na matokeo hayaelekei upande mmoja. Jaribio la PROPPR la Marekani, 2015, majeruhi 680: plazma na chembe sahani nyingi dhidi ya nusu yake. Vifo vya siku 30 havikutofautiana kwa uhakika, asilimia 22.4 na 26.1. Vifo vya kuvuja damu ndani ya saa 24 vilipungua, asilimia 9.2 dhidi ya 14.6. Uchambuzi wa baadaye wa wagonjwa haohao ukaonyesha kila dakika ya kuchelewa kwa boksi la damu iliambatana na ongezeko la asilimia 5 la uwezekano wa kufa.

Mwaka 2018 yalitoka majaribio mawili yaliyopingana. PAMPer lilitoa mifuko miwili ya plazma ndani ya helikopta: kwa wagonjwa 501, vifo vya siku 30 vilikuwa asilimia 23.2 dhidi ya 33.0 kwa waliopata huduma ya kawaida, na tofauti ilianza kuonekana ndani ya saa tatu. COMBAT lilifanya vivyo hivyo kwenye magari ya wagonjwa ya Denver, wagonjwa 125, na halikuona faida yoyote. Walipounganisha takwimu, sababu iliyojitokeza ilikuwa safari: plazma ilisaidia waliosafiri zaidi ya dakika 20. Denver walikuwa karibu mno na hospitali. Kisha Uingereza, 2022, jaribio la RePHILL la wagonjwa 432 likalinganisha chembe na plazma ya unga dhidi ya dripu ya chumvi kabla ya hospitali, likatoka sare.

Sasa tulete huku. Kutoka Urambo hadi Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Tabora, ni kama kilomita 90. Kutoka Kaliua ni zaidi ya 100. Dakika 20 tunazipita tukiwa bado tunatafuta dereva. Mtu angesema basi PAMPer ni letu. Sehemu ndiyo. Ila huku hakuna helikopta inayomkuta mgonjwa barabarani. Kinachomkuta kwanza ni hospitali ya wilaya. Kwa hiyo mahali pa kuanza plazma ni pale, kabla gari halijaondoka, na mkononi mwa wilaya plazma hiyo iko ndani ya chupa ya damu nzima. Na tukumbuke wanaofika saa ya tano tangu kuumia wakiwa hai si kundi lile la helikopta. Aliyekuwa anavuja kwa kasi ile amefia njiani. Faida ya plazma ya dakika za mwanzo haihamishiki yote kwa huyu.

Plazma ya unga

Plazma hukaushwa ikabaki unga ndani ya chupa, kisha huchanganywa na maji safi ya sindano. Si jambo jipya. Ilitumika sana katika Vita vya Pili vya Dunia, ikaachwa kwa sababu ya homa ya ini iliyosambaa kupitia plazma ya wachangiaji wengi waliochanganywa pamoja. Ya leo husafishwa, au hutoka kwa mchangiaji mmoja aliyepimwa. Jeshi la Ufaransa linaitumia tangu 1994, Ujerumani wana yao, na Afrika Kusini hutengeneza yao.

Inarudisha uwezo wa kuganda na ujazo, bila oksijeni hata chembe. Muda ni mzuri ajabu: ile ya Ufaransa iko tayari ndani ya dakika 6. Friza haihitajiki, hukaa joto la kawaida la chumba kwa miaka miwili, ingawa joto la kawaida kwa watengenezaji lina kikomo cha nyuzi 25 na Oktoba ya Tabora inalipita. Kabati lenye kivuli na feni halikwepeki. Ya Ufaransa huandaliwa iwafae makundi yote. Ya Ujerumani hutolewa kwa kundi. Chupa ni za kioo, jambo la kufikiria kwa gari linalopita makorongo.

Ushahidi ni ule wa RePHILL, pamoja na uzoefu wa majeshi. Si bidhaa ya kawaida kwenye maghala ya dawa ya mikoani, na kwa mfawidhi hii ni njia ya kuijua na kuiombea, siyo ya kuipangia zamu ya wiki ijayo.

Kwa hali yako

Zahanati au kituo cha afya kisicho na damu: bana, funga, funika, toa asidi ya traneksamiki kama saa 3 hazijapita, dripu kidogokidogo, na simu ipigwe kabla ya dripu ya kwanza kuisha. Wataje kundi la damu kama una kitendanishi cha kupimia. Dakika utakazowaokolea wenzako huko mbele ni nyingi.

Hospitali ya wilaya yenye jokofu na isiyo na mpasuaji usiku: damu nzima changa ya kundi la mgonjwa, ianze hapo. Kipimo chepesi cha kuamua ni kugawa mapigo kwa presha ya juu. Ikizidi 1 mgonjwa ameshuka kuliko anavyoonekana. Kingine ni kile mnachotumia kwa kuumwa na nyoka: mililita 2 za damu kwenye chupa kavu ya kioo, dakika 20 bila kuguswa. Isipoganda, plazma inahitajika. Ikiganda, bado usijihakikishie, maana kipimo hiki hukosa matatizo madogo. Mpe kalsiamu baada ya chupa za mwanzo, kwa kuwa sitreti, dawa ya kwenye mifuko inayozuia damu isigande, huikamata kalsiamu ya mgonjwa. Kisha asafiri na mwuguzi, na chupa mbili kwenye kibebeo cha baridi.

Hospitali ya wilaya yenye mpasuaji: ileile damu nzima, pamoja na orodha ya wachangiaji wa simu. Kama kituo cha kanda kinaweza kukuletea plazma ya friza, ichukue kwa ajili ya tumbo litakalofunguliwa kesho, kwani kwa usiku wa leo inayeyuka taratibu mno.

Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete au Maweni ya Kigoma: hapa wagonjwa ni wengi kiasi cha mifuko iliyoyeyushwa kutumika kabla ya siku 5, na wodi ya watoto iko jirani ya kupokea chembe. Kutenganisha damu kunalipa. Hata hivyo zisitenganishwe zote. Chupa kadhaa nzima zibaki kwa atakayefika anavuja saa saba usiku na fundi wa maabara yuko peke yake.

Mfawidhi mwenye fedha za kitu kimoja: kama huna umeme mbadala, jokofu la damu lenye sola linatangulia friza. Kama unao, lakini majeruhi wakubwa kwako ni mmoja mmoja, bado jokofu. Friza ifuate pale upasuaji wa usiku na uzazi wenye kuvuja damu vitakapokuwa kazi ya kila wiki; huko plazma ina kazi nyingine nyingi zaidi ya ajali.

Vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika huko Uvinza, mkoani Kigoma, ambako mgonjwa husafiri kwa boti: hapo, siku plazma ya unga ikipatikana nchini, ndipo pa kuanzia kuipeleka. Hakuna friza itakayopanda boti ile.

Na majeruhi aliyefika saa ya sita tangu kuumia, ana joto, anaongea, presha 110, mapigo 90, shuka ni kavu: huyu haihitaji plazma, na traneksamiki imeshampita. Pima hemoglobini sasa na tena asubuhi, andika kundi lake mbele ya faili, na zile chupa changa zibaki rafuni.